Zote Nne au Moja? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Plagi za Magari Makuukuu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Malindi na viunga vyake, na mbili zimetoka upande wa Lamu. Karibu zote zauliza jambo moja: plagi (kile kifaa kinachopiga cheche ndani ya silinda) imetoka na sura hii, je, ninunue mpya? Kabla ya kufika duka la spea, toboa matundu manne kwenye kipande cha boksi, yaandike namba 1 hadi 4 kuanzia upande wa feni au mikanda, kisha chomeka kila plagi kwenye tundu la silinda yake. Tazama kama zote zafanana au moja imejitenga. Zote zikiugua ugonjwa mmoja, kosa liko kwenye kitu ambacho silinda zote hushiriki: kabureta, choki, filta ya hewa, taiming (wakati wa kupiga cheche), koili (izalishayo umeme wa cheche). Ikiugua moja, kosa liko ndani ya silinda hiyo, au kwenye waya wake. Fundi anayezitoa plagi zote na kuzitupa kwenye kopo moja amekupotezea nusu ya habari.

SWALI: Asalaam aleikum. Nina pikapu ya Datsun 1200, nasambaza madumu ya maji mitaani hapa Malindi, kuanzia Maweni hadi Shella. Kila baada ya wiki tatu hivi linaanza kumisi (kukosa moto kwenye silinda moja moja), na plagi zote nne zatoka nyeusi ti. Fundi mmoja huniuzia mpya kila mara. Mwingine aniambia nitie "plagi za moto". Nimsikilize yupi? (Msambaza maji, Malindi)

JIBU: Waaleikum salaam. Bado usimsikilize hata mmoja. Sugua ule weusi kwa vidole viwili. Ukiwa mkavu na mwepesi, unatoka kama masizi ya koroboi, hiyo ni petroli ambayo haikuungua yote. Ukiwa unang'aa, unateleza na hautoki bila sabuni, ni oili. Na plagi ikitoka imelowa, inanuka petroli, kisha ikakauka yenyewe baada ya dakika chache, silinda hiyo imepata petroli lakini haikupata cheche. Kwa maelezo yako, zako ni masizi makavu kwenye zote nne, kwa hiyo pistoni na ringi tuziache zipumzike.

Sababu ya kwanza ni safari zenyewe. Plagi hujisafisha ncha ya kauri yake ikipanda joto hadi nyuzi 450 au 500 za selisiasi. Hapo masizi huungua yakaondoka. Chini ya hapo hukaa na kujazana. Wewe wawasha kwa choki, waenda kilomita moja, wazima, washusha madumu, wawasha tena. Plagi hazipati nafasi ya kushika moto. Masizi nayo hupitisha umeme: yakishatanda juu ya kauri, umeme huyafuata ukashuka hadi kwenye chuma cha plagi badala ya kuruka mwanya ulio kati ya ncha ya kati na ulimi wa plagi. Ndiyo maana gari lamisi ilhali plagi ina wiki tatu tu.

Jaribu hivi. Zisafishe hizo ulizo nazo, zirudishe, kisha peleka pikapu barabara ya Mombasa hadi Gede, kama kilomita 15, kwa mwendo wa 70 hivi, gia ya nne. Ukifika mahali palipo wazi, hakuna gari nyuma yako, na mguu bado uko kwenye mafuta, kanyaga klachi na uzime injini papo hapo, uliache gari lisererekee kando. Ufunguo usiuchomoe, usukani utajifunga. Na kama breki zina sevo (kisaidizi kinachotegemea injini), zitakuwa nzito baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Subiri hedi, yaani kichwa cha injini, ipoe hadi uweze kuiwekea kiganja. Hedi ya injini hii ni ya alumini, na plagi ikifunguliwa ingali moto yaweza kutoka na thredi za hedi. Kisha tazama. Plagi iliyozimwa hivyo yaonyesha injini inavyofanya kazi ikiwa na mzigo. Ukirudi nayo mjini, ukae kwenye foleni ya tuktuk, utasoma foleni, hutasoma injini.

Zikitoka na rangi ya hudhurungi hafifu au kijivu, kabureta haina neno. Lipe gari safari ndefu kidogo mara moja kwa juma na acha kuvuta choki kwa kila mtaa. Hali ya hewa ya Malindi, injini yenye joto haihitaji choki. Zikiwa bado nyeusi, fuata mafuta. Fungua ea klina, rudisha kipini cha choki mpaka mwisho, na utazame kile kipepeo cha juu ya kabureta kama kimesimama wima kabisa. Mara nyingi waya wa choki umeshika kutu ndani ya mpira wake na kipepeo hubaki kimeinama kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachokula petroli. Elekeza filta ya hewa kwenye jua: usipoona mwanga upande wa pili, ibadilishe. Ukiona kabureta imelowa nje au wanusa petroli gari likiwa limesimama, sindano ya floti haifungi, na petroli yajaa kupita kiasi chake.

Cheche dhaifu nayo huleta masizi yale yale, kwani petroli haishiki moto vizuri. Datsun hii ina pointi, ile swichi ndogo ndani ya distributa inayofunguka na kufunga ili koili itoe cheche. Mwanya wake ni milimita 0.45 hadi 0.55, na uso wake ukiwa na shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, kondensa imechoka. Vibadilishe vyote viwili pamoja.

Sasa hizo "plagi za moto". Jina hilo halina maana kuwa cheche yake ni kali zaidi. Plagi ya moto ina pua ndefu ya kauri, basi joto huchukua muda kufika kwenye hedi na ncha hubaki na moto. Plagi ya baridi ina pua fupi, joto hukimbia upesi. Soma namba. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi; kwa Bosch na Champion ni kinyume chake, na hapo ndipo watu hujikwaa dukani wanapobadilisha kampuni. Chukua BP6ES ya NGK: B ni thredi ya milimita 14 yenye kichwa cha soketi ya 21, P ni kauri iliyochomoza, 6 ndiyo joto, E ni urefu wa thredi, milimita 19. BP5ES ni ile ile, ila ina moto zaidi kwa hatua moja. Kwa kazi yako ya mtaani, hatua hiyo moja yaruhusika baada ya kurekebisha choki na kabureta. Kabla ya hapo, wafunika chungu kinachofurika.

SWALI: Plagi zangu ni safi, rangi nzuri kama ya biskuti, lakini zimetembea zaidi ya kilomita 30,000. Asubuhi gari yawa ngumu kuwaka, na nikikanyaga mafuta kwa ghafla yakohoa. Fundi asema "rangi nzuri, hazina neno". Plagi safi yaweza kuwa mbovu? (Dereva, Watamu)

JIBU: Yaweza, na yako ni mbovu. Rangi yaeleza jinsi petroli inavyoungua. Kuchakaa hutazamwa kwenye pembe. Plagi mpya ina ncha ya kati iliyokatwa bapa, ukingo wake mkali kama wa sarafu mpya, na ule ulimi wa juu una pembe nne kamili. Umeme huruka kwa urahisi kutoka kwenye ukingo mkali. Juu ya kitu kilichoviringika wataka nguvu zaidi. Kila cheche hula chembe ya chuma, na kwa plagi ya kawaida ya nikeli mwanya huongezeka kwa takriban sehemu moja ya mia ya milimita kila kilomita 1,000. Kwa kilomita 30,000, mwanya ulioanza 0.8 umekaribia 1.1, ncha imekuwa kichwa cha njiti ya kibiriti, na ulimi umechimbika kwa ndani. Koili yako ingali ile ile. Asubuhi, stata ikinyonya betri, koili haipati volti zake kamili, na cheche hushindwa kuvuka. Ukikanyaga mafuta ghafla, hewa hujaa kwenye silinda, mgandamizo hupanda, na cheche yahitaji nguvu zaidi: ndipo gari hukohoa.

Pima mwanya kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya chuma vyenye namba. Gari la pointi mara nyingi hutaka 0.7 hadi 0.8, lenye ignishoni ya elektroniki huenda 1.0 hadi 1.1. Kipimo cha gari lako kimo kwenye kitabu chake, na mara nyingi kwenye kibandiko chini ya boneti. Plagi za NGK zinazoishia na -11 zimetoka kiwandani na 1.1. Geji ipite ikikwaruza kidogo tu. Ukirekebisha, pinda ulimi peke yake, kwa kuugongagonga taratibu juu ya ubao. Usitie bisibisi kati ya ulimi na ncha, kwani kauri hupasuka ndani pale usipopaona, na ufa huo utakutafuta wiki ijayo.

Kupunguza mwanya wa plagi iliyoviringika kwakupa wiki kadhaa, hakukurudishii ukingo. Za nikeli badilisha kila kilomita 20,000 hivi. Iridiamu hudumu mara kadhaa zaidi ya hapo, na zafaa hata gari la pointi ukipata yenye urefu na namba ya joto ile ile, ila ncha yake ni nyembamba kama sindano: usiisugue kwa brashi wala usiiguse kwa geji. Kwa gari linalokula oili au linalojaa masizi ni fedha kutupa baharini, maana iridiamu nayo huchafuka vile vile.

Kusafisha kwafaa plagi ambayo bado ina pembe. Tumia petroli na brashi ya shaba, kisha ianike ikauke kabisa. Brashi ya chuma huacha mistari ya chuma juu ya kauri, na mistari hiyo ni waya wa umeme. Kupuliziwa mchanga kwenye mashine ya gereji hung'arisha sana, lakini punje hunasa ndani ya koo la plagi na baadaye hudondoka kwenye silinda. Ukiwa na mita, pima kati ya kichwa cha plagi na thredi zake: isome hakuna njia kabisa. Ikionyesha namba yoyote baada ya kusafisha, umeme wavuja, itupe. Kati ya kichwa na ncha, plagi yenye R kwenye namba yake, kama BPR6ES, isome kilo-omu 5 hivi; isiyo na R isome karibu na sifuri.

SWALI: Tunakaa karibu na ufuo, Casuarina. Toka kusi lianze, gari lamisi kila asubuhi kama dakika kumi, kisha lapona lenyewe. Plagi nimebadilisha mara mbili, mafundi wawili wamesafisha kabureta. Siku nikilala kwa ndugu yangu Ganda, asubuhi lawaka bila matata. Hivi bahari yaweza kuharibu plagi? (Bi. Msomaji, Malindi)

JIBU: Dada, umeshajitibu mwenyewe kwa kulala Ganda. Yaweza, na haingii ndani ya plagi; hukaa nje. Upepo wa kusi huleta mvuke wa maji ya chumvi hadi ndani ya boneti. Maji hukauka, chumvi hubaki juu ya kauri, juu ya waya za plagi, juu ya kepu ya distributa, inayogawia kila plagi umeme wake. Chumvi hupenda unyevu: usiku huvuta umande, na ifikapo alfajiri kuna utando wa maji ya chumvi ambao hupitisha umeme vizuri mno. Umeme wa maelfu ya volti ukipata njia rahisi ya nje, hauhangaiki kuruka mwanya ndani ya silinda iliyobanwa. Injini ikipata joto utando hukauka na gari lapona. Wanaofungua kabureta kwa ugonjwa wa namna hii wanaanzia mwisho.

Thibitisha kwa macho. Usiku wa giza, pahali pasipo taa, washa injini na ufungue boneti. Usiguse kitu, na mtandio au nguo ndefu iwe mbali na feni. Ukiona vicheche vya buluu vyatambaa juu ya waya, au kwenye shingo ya plagi, au kuzunguka kepu, hapo ndipo pavujapo. Usipoona kitu, nyunyiza maji kidogo kwa ile chupa ya kupigia nguo pasi, kama ukungu, juu ya waya moja baada ya nyingine, na usikilize.

Zima injini. Toa waya, zifute kwa tambara lililolowa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya kisima cha ufuoni, ukiyaonja yana chumvi, hayafai hapa. Kisha zifute kwa spiriti. Chomoa kepu. Vile vijiti vya ndani vikiwa na unga wa kijani au mweupe, vikwangue taratibu. Lakini ukiona mstari mwembamba mweusi kama wa penseli kati ya kijiti na kijiti, au unaoshuka hadi ukingoni, kepu imekufa. Mstari huo ni plastiki iliyoungua ikawa kaboni, hausuguliki ukaisha. Tazama mstari wa aina hiyo kwenye kauri ya plagi pia, kuanzia kichwa hadi kwenye chuma. Ukiwapo, badilisha plagi pamoja na mpira wa waya uliokuwa juu yake, kwa kuwa mpira una alama ile ile kwa ndani na utaichoma plagi mpya kabla ya mwezi.

Pima kila waya kwa mita. Waya za kaboni za magari mengi ya Toyota zisizidi kilo-omu 25 kwa waya mmoja, na usomaji usirukeruke ukiupinda waya. Paka grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele, ndani ya kila mpira kabla ya kuurudisha. Grisi ya beringi usiipake, hula mpira. Na usizifunge waya zote pamoja kama mtumba wa kuni kwa ajili ya unadhifu: kwenye injini inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, silinda ya 3 na ya 4 zimepakana na hufuatana, na waya zao zikilala bega kwa bega cheche ya mmoja yaweza kurukia mwingine.

Msimu wote wa kusi, fanya kufuta huko kila wiki mbili. Wenzetu wanaopita Gongoni na Marereni, penye mashamba ya chumvi, wafanye hivyo mwaka mzima.

SWALI: Land Rover ya petroli, silinda nne, yafanya kazi Mokowe. Plagi ya 1, 2 na 4 ni kavu, rangi nzuri. Ya 3 hutoka imelowa oili nyeusi, na nikiisafisha, kwa siku nne tano hurudi hali ile ile. (Msomaji, Mokowe)

JIBU: Moja imejitenga, basi usiguse kabureta. Hamisha kwanza: plagi ya 3 itie 2, na ya 2 itie 3. Uchafu ukibaki silinda ya 3, ni silinda. Ukihama na plagi, ulikuwa na plagi mbovu isiyochoma.

Ukibaki, pima mgandamizo. Injini iwe na joto, plagi zote nne zitolewe, waya wa koili uchomolewe, mafuta yakanyagwe hadi chini, stata izungushwe mpaka mshale wa geji usipande tena. Andika namba za zote nne. Silinda ya 3 ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya kilo moja hivi (kwa sentimita mraba), tia kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda wazi wazi, oili imeziba pale ringi zilipoachia: ringi au silinda imelika. Isipopanda, valvu haifungi.

Na kama namba zote nne ni sawa? Basi oili huteremka kutoka juu, kwenye gaidi za valvu (mirija ambamo valvu hupanda na kushuka) na sili zake. Tazama moshi. Gari lililolala usiku kucha likitoa wingu la buluu mara moja asubuhi kisha likaacha, au likitoa buluu unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka ukiwa umeachia mguu, ni sili. Likitoa buluu kila unapolivuta kwa mzigo, ni ringi. Sili ni kazi ya siku moja. Ringi ni kufungua injini.

Wakati ukitafuta fedha, unaweza kutia kwenye silinda ya 3 peke yake plagi yenye moto zaidi kwa hatua moja, nayo ichome oili. Isizidi hatua hiyo, na usiivutie mzigo mrefu hadi Witu. Ni gongo la kutembelea, mguu bado umevunjika.

SWALI: Teksi yangu ni Corolla 100. Fundi amenionyesha alama ya hudhurungi iliyozunguka kauri nyeupe ya plagi kwa nje, juu tu ya chuma, akasema gesi ya injini yavuja kupitia plagi. Pia visima vya plagi vina oili. Asema kweli? (Mwenye teksi, Malindi)

JIBU: Alama hiyo haina madhara. Umeme mkali unaozunguka kauri huvuta chembe za oili na vumbi zilizoko hewani, zikajipaka hapo kama pete. Plagi nzuri kabisa huwa nayo.

Oili ya visimani ni kweli, ila nayo haitoki ndani ya silinda. Kwenye injini hii plagi zimekaa katikati ya kamu mbili, na mirija yake ina sili chini ya kifuniko cha valvu. Sili zikikauka, oili huteremka kisimani, hulainisha mpira wa waya ukavimba, na cheche huvuja. Badilisha gasketi ya kifuniko pamoja na sili za mirija yote minne. Kabla ya kufungua plagi, nyonya oili kwa tambara na upulize kisima kwa upepo wa kompresa au bomba la baiskeli. Usipofanya hivyo oili na mchanga vitaingia silindani, plagi itatoka imelowa, na mtu atakuuzia ringi usizozihitaji.

Wakati wa kurudisha, vika kichwa cha plagi kipande cha mpira wa petroli na uizungushe kwa vidole. Ikikaza mapema, mpira utateleza na thredi zitapona. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa ikaze nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Iliyokwishatumika, sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, basi. Mwenye spana ya kipimo atumie nyutoni-mita 25 hadi 30. Thredi zisipakwe oili, maana utakaza kupita kiasi bila kujua.

SWALI: Baada ya safari ya kwenda geti la Sala na mzigo, plagi zilitoka nyeupe kama chokaa, na kwenye mchanga injini ilikuwa ikigonga kama kokoto kwenye kopo. Gari latumia petroli kidogo siku hizi, nimefurahi. (Msomaji, Kakuyuni)

JIBU: Usifurahi. Nyeupe kwenye zote ni joto lililopita kiasi: petroli haba, au taiming iko mbele mno, au plagi ina moto mno, au maji ya rejeta hayapoi. Ncha ikipita nyuzi 800 na ushei, plagi yaanza kuwasha petroli kabla ya cheche. Ichukue kwenye jua uitazame kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vinundu vidogo vinavyong'aa, au nukta nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa juu ya kauri, huko kugonga kumeanza kula alumini ya pistoni. Gari lisibebe mzigo tena mpaka lipatikane kosa.

Pima taiming kwanza, kwani ni dakika kumi. Kisha injini ikinguruma taratibu, dondoshea maji kwa sindano ya dawa kwenye maungio ya manifoldi (mirija ya kuingizia hewa na petroli) na hedi na chini ya kabureta. Mngurumo ukibadilika, hapo panavuta hewa. Kagua filta ya petroli, halafu jeti. Na soma namba ya plagi: huenda mtu alikuuzia ya Bosch akidhani namba zake huenda kama za NGK.

Ikiwa ni moja tu iliyo nyeupe na wenzake ni hudhurungi, tazama manifoldi kwenye tundu la silinda hiyo. Ikiwa ni moja iliyo safi kupita zote, kama imeoshwa, na maji ya rejeta hupungua bila kudondoka chini, ni gasketi ya hedi: mvuke wa maji ndio uliokuwa ukiiosha.

SWALI: Zangu ni nyekundu kama kutu ya bati. Kwenye kitabu cha zamani cha gari hakuna picha hiyo. (Msomaji, Mambrui)

JIBU: Kitabu chako kilichapishwa enzi za petroli yenye risasi, na picha zake zaonyesha ukoko wa manjano wa risasi, Kenya iliiacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Wekundu hutokana na manganizi au chuma kilichomo katika baadhi ya dawa za chupa za kuongeza oktani. Ukoko huo ukipata moto hupitisha umeme, na gari humisi ukilivuta. Acha dawa hiyo, badilisha plagi.

SWALI: Si la gari, mtuwie radhi. Boti yetu ina mashine ya tusitroki, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli. Plagi imekufa njiani, nahodha akatia ya gari kwa kuwa thredi zaingia. Kuna madhara? (Msomaji, Shela, Lamu)

JIBU: Kabla ya kuvuta kamba tena, itoe. Mashine nyingi za boti hutumia plagi fupi, yenye H kwenye namba, thredi ya milimita 12.7. Ya gari yenye E ina 19. Thredi ni zile zile za milimita 14, kwa hiyo huingia bila kugoma, kisha milimita sita na zaidi hutokeza ndani na pistoni hupanda kuigonga. Ikiwa mashine ilishazungushwa, tazama ulimi kama umelala juu ya ncha. Ukiwa umelala, chungulia kichwa cha pistoni kwa tochi kupitia tundu la plagi kabla ya kutia ile sahihi.

Na plagi kulowa oili kwenye tusitroki si lazima iwe ringi. Mashine inayotaka 50 kwa 1 hupewa mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, mililita 400 kwa dumu la lita 20. Wanaomimina kwa macho hufika mara mbili ya hapo, na plagi huzama. Pima kwa chupa yenye alama, na wekeni plagi ya akiba pamoja na spana yake kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, lisiingie maji ya bahari.